Mama Tluway, Nimempisha Mkwe Wetu

Mpendwa Mama Tluway,

Naandika haraka haraka, maana furaha imenijaa hadi kalamu haitulii mkononi. Nina habari, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa Mzee Baha. Mzee Baha tumemzika wiki iliyopita, na ninavyomjua, akishafika huko atakutafuta wewe hata kabla ya kuwatafuta wazazi wake, akueleze kwamba Baba Tluway amezeeka, ameogopa, amejitoa kwenye mashindano ya pikipiki. Kujitoa nimejitoa kweli. Hayo mengine ni maneno yake.

Ndiyo, mama. Mimi niliyewahi kukimbia na mguu wenye bandeji, mimi uliyeniambia siku moja kwamba nitazikwa na helmeti, nimekwenda kwa miguu yangu nikafuta jina langu. Mashindano yamefanyika jana bila mimi. Na jana hiyo hiyo nimefurahi kuliko siku zote nilizowahi kushinda. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, ingawa utaratibu wenyewe leo sina.

Unakumbuka yalivyoanza. Vijana wa Endasak na wale wa Dongobesh walibishana nani anajua kupanda mlima wa Dareda, mwisho wakakubaliana: baada ya mavuno, barabara zikikauka, kila nyumba itoe pikipiki moja, waanzie kwetu Endasak, wapande Dareda, wapite Bashanet na Dongobesh, wamalizie Mbulu mjini karibu na soko. Wakaweka na sharti ambalo watu wa mbali hulicheka hadi leo. Lazima ubebe mtu nyuma, na mtu huyo awe wa nyumba yako. Walisema huku kwetu hakuna anayepanda pikipiki peke yake. Kuna mgonjwa, kuna gunia, kuna shangazi anayewahi msiba. Anayejua kuendesha akiwa mtupu nyuma, kwao hajajua kitu.

Wenzangu walibeba wadogo zao, watu wembamba kama fito. Mimi nikakubeba wewe. Watu walicheka, mwanamke mzima na kitenge chake, kilemba chini ya helmeti. Qamara wa Dongobesh, mpinzani wangu tangu tukiwa vijana, akaniuliza kama nakupeleka kliniki. Mwaka ule tulimwacha kwenye vumbi, na swali hilo hakulirudia.

Hukuwa mzigo, mama. Ulikaa umenishika mbavu, na kwenye kila kona ulikuwa na maneno mawili tu. "Bado," ulisema, nami nashikilia mafuta wakati moyo unanituma nikamate breki. "Bado." Halafu, nikiwa nimeshakata tamaa ya kuishi, "Sasa," na kidole gumba chako kinanichoma ubavu wa upande tunaotakiwa kulalia. Nilikulalamikia kwamba unanitoboa. Jioni nikivua shati kukuonyesha alama, ukasema ni viroboto.

Na ule mwaka wa ukungu Bashanet, unaukumbuka? Hatukuona hata taa yetu wenyewe. Tulianguka kwenye tope, pikipiki huku, sisi kule, na mimi nikaanza kukutafuta kwa kupapasa nikiita jina lako kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Nikakukuta umekaa, tope hadi kwenye meno, unacheka huna sauti. Nikakuuliza umeumia wapi. Ukaniambia, "Washa." Tulimaliza karibu na mwisho, na ndizo mbio ninazozipenda kuliko zote.

Ulipoondoka mwaka juzi, kiti cha nyuma alikichukua Tluway. Mwanao ni mwalimu mzuri, wazazi wa wanafunzi wake wanamsifu, lakini kwenye pikipiki ni gunia la mahindi lililofungwa vibaya. Kona ya kushoto anaegemea kulia. Halafu anaongea, Mama Tluway. Tunapanda Dareda, bonde liko chini yetu, yeye ananieleza habari za mtaala mpya. Tulimaliza mbio, sikatai, lakini Qamara alikuwa ameshakunywa chai. Ndipo nikaapa kwamba mwaka huu nitakimbia mara ya mwisho na nitashinda. Nikatangaza kanisani baada ya misa, nikatangaza mnadani Katesh, nikampigia hata Qamara simu kumtangazia. Unanijua nikishaanza kujitangaza.

Sasa nije kwa mkwe wetu Veronika. Unajua alivyokuwa tangu Tluway amlete kutoka kwa baba yake, kwa Wadatoga wa Gendabi. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hapiti mbele yake, hasemi naye moja kwa moja. Akiniona njiani anaacha njia, anageukia shambani, anavuta kitenge usoni mpaka nipite. Salamu zake hupitia kwa mtu. "Mwambie Baba shikamoo," anamwambia Tluway, na mimi nimesimama pale pale, nami namjibu Tluway marahaba kana kwamba ni yeye aliyeniamkia. Sisi Wairaqw tuna heshima zetu, lakini ile ilituzidi kimo, nawe mwanzoni ulijificha jikoni kucheka. Nilipokutuma umwambie kwamba kwetu si lazima, ulikataa. Ulisema heshima ni yake, nimwache nayo. Kwa hiyo miaka yote hiyo mkwe wangu nilimjua kwa mgongo wake na kwa ugali wake.

Mwezi wa sita nilikuwa shamba la juu nang'oa maharage. Nikasikia pikipiki ya Tluway inapanda kutoka korongoni. Ile kona ya mawe unaijua ilivyo mbaya. Mtu wa kawaida hupunguza mapema, anarudisha gia, anaingia pikipiki ikilialia. Huyu hakupunguza. Akaja nayo, akaja nayo, nikasema moyoni huyu sasa anakwenda kuvunjika shingo. Mara gia ikashuka, mlio ukabadilika, pikipiki ikatokea juu imenyooka kama hakuna kona. Nilibaki nimeshika maharage, mwili umenisisimka hadi kichwani. Sijasikia mtu akiichukua kona ile hivyo tangu mimi na wewe.

Jioni nikamuuliza Tluway ni nani aliyepita na pikipiki yake. Akasema, "Tulipita sisi, Baba, nilikuwa nampeleka mwenzangu kisimani." Nikamsifu, mama, nikamsifu mpaka ugali ukapoa. Nikamwambia damu yangu imechelewa lakini imefika. Yeye akawa anaangalia sahani tu, na jikoni nikasikia sufuria limeanguka. Kesho yake niliwaambia watu wa sokoni kwamba Tluway ameamka. Tangu hapo kila asubuhi nikawa na kazi shamba la juu, hata maharage yalipokwisha kung'olewa. Nilikuwa nakwenda kusikiliza.

Siku moja sikuvumilia. Niliposikia inaanza kupanda nikatupa jembe, nikakimbilia barabarani juu kidogo ya kona nimpongeze kijana wangu kwa mikono yangu. Ikatokea kwa kasi, nami nimesimama katikati nimeinua mikono yote miwili. Sasa fikiria. Aliyekuwa ameshika usukani ananiona mimi, baba mkwe, mbele yake njiani. Akafanya kile ambacho mkwe wa kwao anapaswa kufanya: akaacha njia. Kwa kasi ile ile. Aliruka tuta, akaingia shambani, akapita juu ya mafungu ya maharage niliyoyaanika, maharage yakapukuchuka bila kupigwa fimbo, akaisimamisha pikipiki bila kuanguka, akanigeuzia mgongo, akafungua kitenge kiunoni na kujifunika nacho juu ya helmeti. Nyuma yake alikuwa mwanao, amemkumbatia mke wake kwa nguvu zote, macho ameyafumba.

Nilisimama kama nguzo.  Kisha kutoka chini ya kitenge na helmeti ikaja sauti ndogo: "Mwambie Baba shikamoo."

Tluway alikuwa bado anatafuta pumzi. Nikamwambia yeye marahaba, halafu nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nilipopata sauti nikamuuliza ni nani aliyemfundisha huyu mtu.

"Mama," akasema. "Siku za mnada, ukiwa Katesh."

Wewe, Mama Tluway. Wewe uliyekuwa ukiniambia siku za mnada unakwenda jumuiya. Jumuiya gani ile ambayo mtu anarudi ananuka petroli? Na mimi nikadhani ni mafuta ya taa ya kanisa yamekumwagikia. Hukuwahi kushika usukani wa hata baiskeli. Tluway amenieleza jinsi ulivyomkalisha mkwe mbele, wewe ukakaa nyuma kama ulivyokaa kwangu, ukamshika mbavu, mkashuka korongoni na kupanda, mkashuka na kupanda, na ulikuwa humwambii kitu zaidi ya yale maneno yako mawili. Ndipo nikaelewa kwa nini mwili ulinisisimka kule shambani. Nilikuwa nakusikia wewe. Nililia, nakuambia wazi, nililia barabarani mbele ya mtoto, na nikashukuru kwamba mkwe alikuwa amejifunika haoni. Sikukasirika hata kidogo. Najua ungeniambia, ningetaka kumfundisha mimi, na mimi sifundishi, napiga kelele.

Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana hesabu ilikuwa wazi. Nyumba moja pikipiki moja, na Tluway ana mwili mmoja wa kukaa nyuma. Nikikimbia mimi, Veronika anabaki jikoni anasikiliza mbio kwenye simu. Mimi kumbeba yeye haiwezekani, na yeye kunibeba mimi ndiyo usiseme. Mama, niliona wivu. Nilikuwa nimeshajitangaza wilaya yote ya Hanang, na mbio hizi ndizo zilizokuwa zimebaki kwangu tangu uondoke. Bila hizo, mimi ni mzee wa maharage kama wazee wengine wa maharage.

Nikamchukua Tluway asubuhi tukaenda korongoni, nikasema niichukue kona kama anavyoichukua yule. Mkono ukakamata breki mapema. Nikarudi chini, nikajaribu tena, ukakamata tena. Najua inapotakiwa kushikwa, kichwa kinajua, lakini mkono umeshakuwa na mawazo yake. Nilizima pikipiki pale juu. Nilitegemea kuumia, na badala yake nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Nyumbani kwangu, chini ya bati langu, kulikuwa na mtu anayeweza kumfikia Qamara. Nikamwambia Tluway, "Mimi najitoa. Wewe utakaa nyuma ya mke wako." 

Unadhani yaliishia hapo? Mkwe alikataa. Jibu likaja kwa njia yake ile ile: "Mwambie Baba siwezi kukaa mahali pake." Nikatuma tena, likarudi lile lile. Sasa utambembelezaje mtu anayekugeuzia mgongo? Nikawasha pikipiki nikaenda Gendabi kwa baba yake, Mzee Gidahoda. Nilimkuta zizini, akanipa maziwa, tukaulizana hali za mifugo na za mvua mpaka nikachoka, ndipo nikamweleza shida yangu. Alicheka hadi ndama wakashtuka. Akaniuliza ni kitu gani nimewahi kumpa binti yake kwa mkono wangu. Nikamwambia ng'ombe wote wa mahari niliwaleta hapa hapa zizini kwake, aliwapokea mwenyewe.

"Hao ulinipa mimi," akasema. "Yeye hujampa. Mpe ndama kwa mkono wako, umwambie kwa mdomo wako. Kufungua uso au kutofungua ni juu yake."

Kumbe, mama. Kumbe miaka yote hiyo binti alikuwa anangoja, na sisi kwa desturi zetu tukajua mahari ikishatoka kazi imekwisha. Nimejiuliza kama wewe ulilijua hilo. Nadhani hukulijua, kwa sababu ungenisumbua mpaka nitoe.

Nikachukua ndama jike wa yule ng'ombe wako mwekundu. Najua ulimpenda, usininunie. Jumapili, akina mama wa jumuiya wakiwepo, na Mzee Baha akiwa amejialika, nikamvuta ndama hadi mlangoni kwa Tluway. Veronika akageuka upande kama kawaida. Nikauambia mgongo wake, "Veronika, mwanangu, huyu ni wako. Na kiti cha mbele ni chako. Mimi nimetoka."  Mkono wake ukaja nyuma, ukashika kamba. Kisha akamwambia Tluway, "Mwambie Baba nimesikia." Hakugeuka. Mzee Baha akaguna, akatoka kwenda kueneza habari.

Zikaenea kweli. Nilipokwenda Mbulu kufuta jina, waandaaji waliniuliza ninaumwa nini. Qamara akanipigia kuuliza kama nimekufa, na kama sijafa ni nani huyo mwanamke. Vijana wa kijiweni wakawa wananiuliza kama na jembe nimempisha pia. Zamani ningewarukia. Safari hii nilikuwa nawaonea huruma, maana nilikuwa nimesikia pikipiki ile ikipanda na wao hawajaisikia.

Jana nilitangulia Mbulu kwa basi. Baridi ile unaijua, nilivaa sweta mbili na bado meno yaligongana, sijui kwa baridi au kwa hofu. Mama, kungoja ni kugumu kuliko kukimbia. Taarifa zilikuja kwa simu. Chini ya Dareda walisema yuko nyuma sana. Nikanunua karanga nikashindwa kuzila. Bashanet wakasema Qamara anaongoza, na kuna mmoja anapanda, hawamjui, ana kitenge kiunoni. Nikamshika mkono mtu niliyesimama naye, sijui hata jina lake, nikamwambia huyo ni mkwe wangu. Dongobesh mtandao ukakatika. Nikawa nazunguka, nasali, nakuita.

Halafu nikasikia. Kabla ya kuona chochote nikasikia pikipiki mbili zinakuja, na mojawapo nikaijua. Qamara akatokea, amelala juu ya tangi na mpwa wake nyuma, na nyuma yake, karibu kabisa na tairi lake, Veronika. Nilipiga kelele, nilirukaruka, sweta moja niliivua nikairusha hewani na sijaiona tena. Qamara alishinda. Alimshinda kwa urefu wa pikipiki moja, labda na nusu. Akashuka, akashika magoti, akahema, kisha akanitazama.

"Yule ni nani?" akaniuliza.

"Wa nyumbani kwangu," nikamwambia, na kifua kilikuwa karibu kupasuka.

Tluway alishuka, akaenda kukaa kando, uso umempauka, lakini safari hii aliegemea kona zote sawasawa, nimeambiwa. Veronika akavua helmeti. Mimi kwa mazoea nikamwachia njia, nikageukia upande wa soko ili asipate tabu ya kujificha mbele ya watu. Nikasikia hatua zinanizunguka. Akaja akasimama mbele yangu, uso wazi, vumbi jekundu limeacha macho tu, akanitazama. Mama Tluway, mkwe wetu ana mwanya. Miaka yote hiyo ameishi kwangu na sikujua.

"Shikamoo, Baba," akasema. "Ile kona ya juu Dareda, penye mti ulioanguka. Pale ndipo nilipopoteza muda. Wewe ulikuwa unaipitaje?"

Nikamwitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza nikampa mwenyewe. Kisha nikafungua mdomo nimweleze, nikakuta sijui. Nimeipita kona ile miaka mingi, na ninachojua ni mahali ulipokuwa ukisema na mahali ulipokuwa ukinichoma. Basi nikamweleza hivyo hivyo: hapa Mama alikuwa kimya, hapa alisema bado, penye jiwe jeupe akasema tena, nikamwonyesha na ubavu wenyewe. Alisikiliza amefumba macho, anaitika kwa kichwa, mikono yake ikishika usukani ambao haupo. Watu wa Mbulu walituzunguka wakidhani tunagombana.

Nakukosa sana. Nyumba bado inakuhitaji, na usiku ndiyo mbaya zaidi, hilo sitakuficha. Ila leo nimeamka na njaa, nimeamka na kazi ya kufanya, na nilikuwa nimesahau kuamka hivyo kunafananaje. Qamara amepiga simu kuuliza kama mwakani tutakuja. Nimemshauri atafute mpwa mwepesi zaidi.

Niishie hapa, mama. Pumzika vizuri. Leo tunakwenda Dareda na pikipiki zote mbili, tukaitazame kona ile kwa miguu, jiwe kwa jiwe. Moja imeshawashwa hapo nje, na kuna mtu ameshaniita mara mbili, anasema, "Baba, tunachelewa."

Tluway bado amelala.

Mumeo,
Baba Tluway